Leo Mboga Nini?

Wiki ya pili baada ya kuolewa Unguja, nilimkuta mama mkwe amekalia mbuzi anakuna nazi, nikamuuliza, "Mama, leo mboga nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mboga mchicha, mwanangu." Basi nikauchambua mchicha, nikauosha maji matatu, nikaupika kwa tui zito la nazi ileile. Wali nao ukaiva vizuri. Mchana baba mkwe akakaa mkekani, akafunua bakuli, akalifunika tena, akauliza kwa upole, "Kitoweo kiko wapi?"

Kitoweo kilikuwa jikoni, chini ya ungo: changu wanne waliokwisha kuparwa magamba, wametiwa chumvi na ndimu, wanangoja kukaangwa. Nilikuwa nimewaona tangu asubuhi. Nilidhani ni wa usiku.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali au wali. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga, na mchicha pia ni mboga. Ukiuliza mboga nini, unauliza tunakula na nini. Kwa mama mkwe wangu mboga ni majani tu, na samaki wana jina lao. Aliponijibu mchicha hakunificha kitu, alijibu nilichouliza. Nilikaa siku mbili sijamtazama baba mkwe usoni, na siku ya tatu nikanunua daftari.

Lile daftari sasa limejaa, na jingine limefuata. Nimeandika humo majina ya vyakula, ya mitaa, ya watu, na misemo inayotokea jikoni ikaenda kuishi kwingine. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: ukitaka kujua asili ya jina, usianze na kitu chenyewe. Anza na mtu aliyekiita. Alikuwa amesimama wapi? Alikuwa anaomba, anauza, au amebeba mzigo? Majina ya chakula hayakutungwa na kamati. Yalitoka midomoni mwa watu wenye njaa na wenye haraka, na sauti zao bado zimo ndani.

Chukua hilohilo neno kitoweo. Linatokana na kutowea, kula kitu pamoja na wali au mkate ili tonge lishuke. Limetajwa kwa kazi yake mezani. Mboga ni neno la zamani sana la Kibantu, na maana yake ya kwanza ni majani na matunda ya shambani yanayopikwa. Sisi wa bara tulilinyoosha likafunika nyama na samaki, na mimi naona sababu yake: nyumba nyingi za bara zilikula majani siku nyingi za mwaka, nyama ikaja kwa wageni na sikukuu. Ikija nyama, inakalia kiti cha mchicha na kuitwa jina la mwenye kiti. Kisiwani samaki hakuwa mgeni. Alikuwapo kila siku, akastahili neno lake.

Na mji wangu una jina la utani linalosema haya yote kwa maneno matatu: Morogoro, mji kasoro bahari. Tunalisema kwa majivuno. Tuna milima ya Uluguru, tuna mito, tuna matunda, tumepungukiwa bahari tu. Nilipokuwa mdogo nililisikia kama sifa tupu. Siku ya wale changu wanne nililisikia upya, kwa sababu kilichonipungukia jikoni mwa mama mkwe kilikuwa bahari kweli.

Shule yangu ya pili ilikuwa soko la Darajani. Bara nilinunua nyanya, hapa wanauza tungule. Viazi vya chipsi hapa ni mbatata, neno walilotuachia Wareno, ambao kwao batata ilikuwa imetoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibiani, na huko ilikuwa na maana ya kiazi kitamu. Binzari nyembamba hapa ni uzile, na ukivuka kwenda Mombasa utaikuta inaitwa jira, kama Wahindi wanavyoiita. Kitu kimoja, bandari tatu, majina matatu, na kila jina linakuonyesha nani alikuwa jirani wa nani.

Lakini somo lililonifundisha kutoamini kila hadithi tamu lilikuwa la kitunguu saumu. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba kinaitwa hivyo kwa ajili ya saumu, ile ya mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa na maelezo kamili: kwamba harufu yake inakumbusha mdomo wa aliyefunga, kwamba kinapikwa zaidi kwenye futari. Watu waliyapenda maelezo hayo, na mimi niliyapenda zaidi. Kisha nikaja Unguja nikamsikia mama mkwe anamtuma mtoto, "Kalete kitunguu thomu." Thomu! Nikafungua kamusi. Kitunguu saumu kinatokana na Kiarabu thum, ambalo ndilo jina lenyewe la kitunguu hiki kwa Waarabu. Saumu ya kufunga inatokana na sawm. Ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote, yaliyosafiri mbali na kujikuta kwenye ulimi wetu yakitamkwa sawa. Ulimi wa Unguja ulikuwa umeitunza ile th wakati wengine tumeipoteza, na pamoja nayo ulikuwa umeutunza ukweli.

Tangu hapo, mtu akinipa asili ya neno nzuri mno, namuuliza kwanza: je, watu wa kijiji cha pili wanalitamkaje? Lahaja ni shahidi asiyejua kwamba anatoa ushahidi. Na ninaumia ninapoona watu wanasahihishwa, mtoto wa Pemba anaambiwa darasani kwamba tungule si Kiswahili sanifu. Ukimnyamazisha yule mtoto, umechana ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuuandika mahali pengine.

Kuna kundi la majina ninalolipenda kwa sababu ndani yake unamwona mtu amesimama ufukweni anatazama majahazi. Pilipili manga, komamanga: Manga ni nchi ya Waarabu, Omani na jirani zake. Mkate wa ajemi: Ajemi ni Uajemi. Bata bukini: Bukini ni jina la zamani la pwani kwa Madagaska. Mdalasini ni safari nzima, maana Waajemi waliuita dar chini, mti wa China, Waarabu wakaupokea, nasi tukaupokea kwao. Viazi ulaya, na Ulaya yenyewe inatoka kwenye wilaya ya Kiarabu, yaani mahali penye mamlaka. Na si kila kitu kilishuka kutoka chomboni. Karanga, ambazo Mombasa mpaka leo ni njugu, wazee wa pwani waliziita njugu nyasa, njugu za kule ziwani Nyasa, ili zisichanganywe na njugu mawe, ambazo ukizitafuna unaelewa jina mara moja. Hapa mwita jina amegeuka, ameipa bahari mgongo, anatazama misafara inayotoka bara.

Mahindi ndiyo yanayonifikirisha zaidi. Jina linasema ni nafaka ya Hindi. Asili yake ni Amerika, yakafika pande zetu baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Mtu wa pwani hakuiona Amerika. Aliona nafaka ngeni, na kwake vitu vigeni vingi vilitoka upande wa Hindi, basi akaita alivyoona. Wala hakuwa peke yake. Yule ndege tunayemwita bata mzinga, ambaye naye ni wa Amerika, Waingereza walimwita jina la nchi ya Uturuki, na Waturuki wenyewe wanamwita hindi. Jina linaweza kukosea kuhusu kitu huku likisema kweli kabisa kuhusu aliyekiita. Ndiyo maana siwezi kusema mahindi ni jina la makosa. Ni ramani ya dunia ya mtu mmoja wa zamani, kama alivyoiona kutoka kwake.

Mume wangu alipohamishiwa kazi Dar es Salaam tulihamia huko, nami nikapata soko jingine la kusoma. Kariakoo. Nilikuwa nimelitamka jina hili maisha yangu yote, kama jina la nguo za bei rahisi na vitunguu vya jumla, kabla sijajua lilikotoka. Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Jeshi lao halikuwa na barabara wala magari ya kutosha, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Mizigo ilibebwa na watu, kwenye kikosi walichokiita Carrier Corps, na kambi yao ikawa hapo. Wenyeji wakalisikia jina la Kiingereza kwa masikio ya Kiswahili: Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, na penyewe pana soko.

Sehemu kubwa ya mizigo ile ilikuwa chakula. Wapagazi walibeba unga na mchele wa wanajeshi, wao wenyewe wakila kidogo na kibaya, mara nyingi unga ambao haukuiva sawasawa. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Mahali walipokuwa na kambi ndipo mji unapolishwa leo. Jengo la soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Kila malori ya Lushoto yanaposhusha kabichi na karoti, kila mbeba mizigo anaposukuma mkokoteni akipiga kelele apishwe njia, jina la wale wapagazi linatajwa, na wengi wanaolitaja hawajui. Nikienda Kariakoo sasa siwezi kumwona kijana mwenye gunia begani nisiwakumbuke.

Pembeni ya soko hilohilo ndipo nilipolielewa jina lingine ambalo nimelisikia tangu utotoni. Mama ntilie. Lisikilize polepole. Si jina, ni sentensi. Ni mteja amesimama na sahani, amekunja noti mkononi, saa ya mapumziko inakwisha, anasema: "Mama, ntilie!" Nitilie wali, nitilie maharage, niongeze mchuzi. Biashara nzima imepewa jina na sauti ya mwenye njaa. Tena ona neno lenyewe. Kule kwetu bara tungesema niwekee. Kutia chakula kwenye sahani, na ile ni iliyomezwa ikabaki n tupu, ni Kiswahili cha pwani, cha Dar ya zamani, kabla mji haujafurika watu wa mikoa yote kama mimi.

Miaka ya 1980, maisha yalipokuwa magumu na mshahara mmoja ukawa haufiki tarehe 15, wanawake wengi wa mjini walibeba masufuria yao wakatoka nje, kwenye viwanja vya ujenzi, kwenye vituo vya mabasi, nje ya viwanda. Mji uliokuwa unajengwa ulijengwa kwa wali wao. Siku hizi kwenye hotuba na fomu wanaitwa mama lishe. Najua nia ni njema, wanataka jina lenye heshima, na lishe ni neno la wataalamu. Lakini mama lishe lilitungwa ofisini na mtu aliyekuwa ameshiba. Mama ntilie lilitungwa benchini. Mwanamke ninayekula kwake mchana, aliyesomesha watoto watatu kwa sufuria zile, nilimuuliza anapenda aitwe lipi. Akasema, "Dada, aniitaye ntilie ndiye anayekula." Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la pili.

Majina ya watu yana uzito kuliko ya vyakula, na mara nyingine yanabeba mambo makubwa kwenye mfuko mdogo. Mtaani kwetu mtoto akitumwa chumvi anaambiwa, "Nenda kwa Mangi." Mangi ni mwenye duka. Lilianza kwa sababu Wachaga wengi wana maduka ya rejareja mjini, na Mangi ni neno lao. Lakini kwao Mangi alikuwa mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 kwa kutokubali kutawaliwa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na cheo kikabaki bila kiti. Kikashuka mlimani kikaja kukaa nyuma ya kaunta, kati ya sabuni na unga wa sembe. Mwenye duka wetu ni mtu wa Singida. Anaitwa Mangi, na anaitika. Sioni hapo dharau. Naona mji unaowachukua wageni wake kwa jina la yule wa kwanza aliyewahi kuwakopesha sukari.

Hayo ya barabarani nitayapita haraka, maana kila mtu ana toleo lake. Daladala inatokana na dala, shilingi tano, iliyokuwa nauli ya mabasi ya watu binafsi Dar miaka ya mwanzo ya 1980. Matatu ya Kenya ni tatu ya Kikuyu, kwa sarafu tatu za senti kumi. Zamani Dar ilikuwa na magari yaliyoitwa chai maharage, ambayo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama wateja wa mgahawa. Na leo bodaboda ikibeba watu watatu au wanne tunasema wamepanda mshikaki. Jiko limeipa barabara majina, na barabara imelipa: chipsi zilizokaangwa na mayai mjini zinaitwa zege, kama lile la mafundi. Aliyeita hivyo bila shaka alikuwa ametoka kukoroga zege lenyewe, akaona kikaangio, akaona kazi yake.

Sukuma wiki nayo, ya Kenya, nataka niseme neno moja. Watu hulitamka kama jina la jani tu. Ni amri aliyojipa mtu mwenye pesa kidogo: wiki ni ndefu, majani haya ni ya bei nafuu, tuisukume nayo mpaka Jumamosi.

Kilichonishika zaidi miaka hii ni maneno ya chakula yaliyohama kabisa jikoni. Kiporo ni chakula kilicholala. Kurasa za michezo zimekichukua: Simba au Yanga wakiwa kwenye mashindano ya Afrika, mechi zao za ligi zinaahirishwa, zinakuwa viporo. Nzuri sana hiyo, kwa sababu kiporo hakijaharibika, kinangoja kupashwa moto. Unguja chakula kilicholala ni mwiku. Lakini shemeji yangu, anayekula mwiku kila asubuhi kwa chai ya rangi, akizungumza mpira anasema mechi ya kiporo, hata siku moja hajasema mechi ya mwiku. Neno lilipanda boti likiwa limevaa jezi.

Ubuyu ni mwingine. Zile mbegu zilizopikwa kwa sukari, rangi nyekundu na hiliki sasa ni jina la habari za watu. "Una ubuyu?" anakuuliza rafiki, na wala hataki kula. Mimi naona umefaa kwa kuwa ubuyu haumezwi upesi. Unaumung'unya, unatema kokwa, unachukua nyingine, na mazungumzo yanaendelea mpaka pakiti inaisha na midomo imekuwa myekundu. Mwenye kumtilia mwenzake mchanga kwenye kitumbua anajulikana kote, pwani na bara, kwa kuwa kila mtu amewahi kukiona kitumbua na kujua kwamba mchanga ukiingia hautoki.

Na majungu. Chungu ni cha kila siku. Jungu ni chungu kikubwa, cha shughuli, cha kupikia watu mia. Tunasema wabaya wanapika majungu, yaani wanapanga fitina, na nilikuwa nikijiuliza kwa nini fitina ihitaji chombo kikubwa hivyo. Jibu nililipata kwenye harusi ya wifi yangu. Usiku wa kupika tulikaa wanawake kumi na tano kuzunguka majungu matatu ya pilau. Chungu cha nyumbani unapika peke yako na mawazo yako. Jungu linataka watu wengi, linataka saa nyingi, linataka mkae karibu na moto gizani, na moto hauna haraka. Mpaka alfajiri nilikuwa nimesikia habari za ukoo mzima, nyingine kwa sauti ya chini. Wazee wengine wanasema jungu kuu halikosi ukoko, kwamba kwa mkubwa hukosi kupata neno la maana. Chombo ni kilekile, methali ikakipa sifa na mtaa ukakipa lawama, na usiku ule vyote viwili nilivionja.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Likizo akienda Morogoro kwa bibi mzaa mama, anaomba nyanya. Akienda Unguja anaomba tungule. Hakuna aliyemfundisha kubadili, anabadili bandarini kama anavyobadili viatu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunajiandaa kuvuka kwenda kuwasalimu. Mama mkwe, ambaye ameanza kutuma ujumbe wa simu mwenyewe, alinitumia orodha ya vitu vya kumletea kutoka Kariakoo, maana anasema huko bei ni nzuri: mbatata debe moja, thomu kilo mbili, uzile. Nikamjibu nimeelewa. Jioni akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Watoto hawajambo?" Akanyamaza kidogo, nikamsikia anacheka. "Haya niambie. Leo huko kwenu mboga nini?"

"Vibua, mama," nikamwambia. "Na mchicha."